Ukoo wa Samaki na Rutuba ya Matumbawe

Maji ya miamba ya matumbawe huwa maangavu kwa kuwa yana virutubisho vichache. Sehemu ya rutuba ya miamba hiyo huletwa na samaki wenyewe, ambao hutoa nitrojeni hasa kupitia matamvua, na fosforasi kupitia mkojo na kinyesi.

Kiasi kinachotolewa hakitegemei chakula pekee. Mwili hujiwekea kwanza kinachohitajika kuujenga, kisha hutoa ziada. Mifupa na magamba huhitaji fosforasi nyingi. Misuli huhitaji nitrojeni. Maumbile hayo yamerithiwa tangu mamilioni ya miaka iliyopita, hivyo samaki wa ukoo mmoja hukaribiana katika kemia ya miili yao. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Katika kisiwa cha St. Croix, bahari ya Karibi, watafiti wa miaka ya 1980 waliwachunguza samaki wachanga wa ukoo wa mlea. Samaki hao walikula usiku kwenye nyasi za bahari, na mchana wakapumzika juu ya matumbawe. Matumbawe waliyoyakalia yalikua haraka kuliko yaliyokosa samaki.

Kwa hiyo, kuhesabu kilo za samaki hakutoshi. Ukoo mmoja ukimalizwa, wingi wa ukoo mwingine hauwezi kuziba pengo lake kikamilifu. Nyavu za macho madogo huwaondoa samaki wachanga, na baruti huvunja mwamba wenyewe. Mkazi aonaye uvuvi wa namna hiyo atoe taarifa kwa ofisi ya mtendaji wa kata.