Sababu gani kansere ya mulango wa kizazi inaua wanawake wengi huku, na wachache kule?

Somo kwa mama, baba, na wafanyakazi wa afya katika vijiji

SHABAHA YA SOMO. Kisha kusoma somo hili, utaweza: (1) kueleza kwa nini ugonjwa mumoja unaua wanawake wengi katika inchi moja na wachache katika inchi ingine, (2) kutaja alama za hatari, (3) kumusaidia mwanamuke kupimwa mbele ya kuchelewa.

1. Mama aliyekuja mara mbili

Ninaanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa muuguzi kijana, mama mumoja alikuja asubuhi pamoja na binti yake. Hedhi yake ilikuwa imekwisha tangu miaka miwili, lakini damu ilianza kutoka tena. Alisema kwa sauti ya chini, kwani wanaume walikuwa karibu kwenye benchi: «Mwana wangu, hedhi imerudi.»

Mustari wa wagonjwa ulikuwa murefu. Niliangalia macho yake, nikaona amepungukiwa na damu. Nikamupa vidonge vya kuongeza damu, nikaandika katika kitabu maneno mawili tu: «kutokwa damu». Sikumulaza kitandani. Sikumupima chini. Alinishukuru, akarudi kwake.

Kisha miezi minane alirudi, amekonda, na harufu yake ilisikika mbele ya yeye kuingia mulangoni. Sasa munganga alimupima. Kansere ilikuwa imeshika mulango wa kizazi na kupita pembeni, hata kupasuliwa hakukuwezekana tena. Mama hakunikasirikia. Aliniuliza neno moja: «Mbona siku ile haukuniangalia?» Tangu siku ile, kila mwanafunzi wangu anasikia ulizo hili katika juma la kwanza la masomo.

Ulizo la mama huyu ndilo ulizo la somo letu. Kama angezaliwa katika inchi ingine, mutu angemuangalia miaka kumi mbele ya damu ile. Tuone namna gani.

2. Kwanza tujue kusoma hesabu

Mutu akisema: «Katika muji mukubwa wanawake 50 wamekufa, na katika kijiji wamekufa 5,» usiseme mara moja kama muji ni mubaya kuliko kijiji. Uliza kwanza: ni wanawake 50 kati ya wangapi? Ndiyo maana wenye elimu wanahesabu waliokufa kwa kila wanawake 100,000 katika mwaka mumoja.

Tena, kansere inashika zaidi watu wakubwa. Ulaya kuna wazee wengi. Kwetu kuna vijana wengi. Kulinganisha hivi hivi ni sawa na kulinganisha shamba la mihogo ya miaka miwili na shamba lililopandwa jana. Kwa hiyo wanasawazisha umri, kana kwamba kila inchi ina vijana na wazee kwa kipimo kimoja.

Na jambo la tatu: huku kwetu wengi wanafia nyumbani, na hakuna anayeandika sababu. Hesabu za inchi zetu ni makadirio, yanayotoka katika vitabu vya hospitali chache. Ninyi wauguzi, mukiandika «kutokwa damu» tu kama nilivyoandika mimi, mama yule hahesabiwi popote.

3. Picha ya dunia

Katika mwaka wa 2022, kansere ya mulango wa kizazi iliua wanawake karibu 350,000 katika dunia yote. Kati ya kila 100 waliokufa, 94 walikuwa katika inchi maskini na inchi za uwezo wa katikati.

Angalia sasa hesabu zilizosawazishwa za mwaka wa 2020, za shirika la utafiti wa kansere lililo Lyon, Ufaransa. Kwa kila wanawake 100,000:

— Afrika ya Mashariki (ndani yake kuna Rwanda, Burundi, Uganda, Tanzania, Zambia): zaidi ya 28 walikufa.
— Afrika ya Katikati (ndani yake kuna Kongo yetu): zaidi ya 20.
— Amerika ya Kaskazini: karibu 2.
— Asia ya Magharibi (Uturuki, Iraki na jirani zao): karibu 2.

Huku wanakufa zaidi ya 20, kule wanakufa 2. Mwili wa mwanamuke ni mumoja popote. Tofauti hii inatoka wapi?

4. Sababu ya kwanza: virusi

Mwaka wa 1842, munganga mumoja wa Italia, jina lake Domenico Rigoni-Stern, alitangaza alichoona katika vitabu vya vifo vya muji wa Verona. Kansere ya kizazi iliua wake walioolewa na wajane. Masista wa nyumba za watawa iliwaua kwa nadra sana. Aliona tofauti, lakini hakujua sababu yake.

Sababu ilijulikana kisha miaka zaidi ya 140. Munganga Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walipata virusi katika kansere hii mwaka wa 1983, na mwaka wa 2008 alipewa zawadi ya Nobel. Virusi hivi vinaitwa HPV. Vinapita kwa njia ya kulala pamoja, mume na muke. Aina mbili zake, namba 16 na 18, zinaleta karibu kansere 70 kati ya kila 100 za mulango wa kizazi.

Sikilizeni vizuri hapa, baba na mama. Virusi hivi ni vya kawaida sana. Karibu kila mutu aliyelala na mwenzake anavipata wakati fulani. Mara nyingi mwili unavifukuza wenyewe. Kwa wachache vinabaki, na polepole, katika miaka 15 ao 20, vinaweza kuleta kansere. Muke ambaye hakujua mwanaume mungine ila mume wake anaweza kuugua. Basi tusimuhukumu mugonjwa. Eti «alitembea ovyo»! Maneno haya yamefunga vinywa vya wanawake wengi hata wakafa.

Katika inchi za Asia ya Magharibi virusi hivi haviko vingi kati ya watu. Kwa hiyo kansere ni chache. Lakini katika Amerika ya Kaskazini virusi viko vingi, na bado wanawake wachache wanakufa. Kumbe kuna sababu ya pili.

Mbele ya kuifikia, tukumbuke ukimwi. Mwanamuke mwenye virusi vya ukimwi yuko katika hatari ya kansere hii mara sita kuliko mwingine, na kansere yake inaweza kukomaa katika miaka 5 ao 10 tu. Ndiyo sababu moja kubwa ya hesabu za juu katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini.

5. Sababu ya pili: kuangaliwa mbele ya kuugua

Inchi tano za kaskazini ya Ulaya zinatufundisha vizuri: Aislandi, Ufini, Uswidi, Denmaki na Norwei. Wamishonari wengi waliofika Kivu walitoka Uswidi na Norwei. Watu wa inchi hizi wanafanana kwa chakula, kwa mali na kwa desturi. Katika miaka ya 1960, wengine wao walianza kuita wanawake wote kwa barua, mumoja mumoja, wapimwe hata kama hawasikii maumivu. Walitumia kipimo cha munganga George Papanicolaou: kukwangua kidogo mulango wa kizazi na kuangalia kwa darubini.

Tazama namna vifo vilivyopungua kati ya 1965 na 1982:

— Aislandi, walioita wanawake wote: vifo vilipungua 80 kwa 100.
— Ufini, walioita wote: 50 kwa 100.
— Uswidi: 34 kwa 100.
— Denmaki, walioita sehemu tu ya wanawake: 25 kwa 100.
— Norwei, ambako ni sehemu ndogo sana ya inchi iliyoitwa: 10 kwa 100.

Norwei haikuwa inchi maskini. Ilikuwa na waganga na hospitali. Lakini ilianza kuwaita wanawake wa inchi yote katika mwaka wa 1995 tu. Hapo tunajifunza kama kuwa na hospitali hakutoshi. Hospitali inayongoja mugonjwa aje na damu inangoja kwa kuchelewa.

6. Sababu ya tatu: matibabu ya karibu ao ya mbali

Kansere ya titi inaonyesha jambo hili wazi. Katika inchi zenye maendeleo makubwa, mwanamuke 1 kati ya 12 atapata kansere ya titi katika maisha yake, lakini ni 1 kati ya 71 atakayekufa nayo. Katika inchi zenye maendeleo madogo, 1 kati ya 27 tu ataipata, lakini 1 kati ya 48 atakufa nayo. Soma tena polepole. Wenzetu wanaugua zaidi, na sisi tunakufa zaidi.

Kwa nini? Kwetu uvimbe unaonekana ukiwa mukubwa. Mama anakwenda kwanza kwa mwenye miti-shamba, kisha anangoja kuuza mavuno, kisha gari inakosekana. Na akifika, mashine ya mionzi iko mbali. Katika mwaka wa 2016 mashine ya mionzi ya Kampala iliharibika, na Uganda yote ilikuwa na ile moja tu. Zaidi ya mwaka mumoja wagonjwa walingoja ao walitafuta inchi ingine.

7. Inawezekana hata kwetu

Musivunjike moyo. Kuna njia isiyohitaji darubini. Muuguzi aliyefundishwa anapaka siki safi iliyopimwa (nguvu yake ni 3 hata 5 kwa 100) juu ya mulango wa kizazi, anangoja dakika moja, anaangalia kwa taa. Mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Mara nyingi anaweza kupatibu siku ile ile kwa kifaa cha baridi kali ao cha moto, na mama anarudi nyumbani kwa miguu yake.

Katika muji wa Mumbai, Uhindi, wanawake karibu 150,000 walifuatwa miaka 12. Nusu yao walipimwa kwa siki na wafanyakazi wa afya wasio waganga. Kati yao vifo vya kansere hii vilikuwa chini kwa 31 kwa 100 kuliko kwa wale wengine. Jirani zetu wa Zambia walianza kazi hii Lusaka mwaka wa 2006, na wauguzi ndio wanaoifanya.

Angalisho: siki hii inatumiwa na aliyefundishwa tu. Mama, usijipake siki, dawa za majani, wala sabuni ndani. Hazitibu kansere, zinaumiza.

Tena kuna chanjo kwa wasichana wa miaka 9 hata 14, mbele hawajajua mwanaume. Rwanda iliitoa kwa wasichana wa inchi yote tangu 2011, ikiwa ya kwanza katika Afrika. Chanjo hii haifungi uzazi. Uliza kituo cha afya chako kama inapatikana.

8. Basi, tufanye nini?

Mama: Kuanzia miaka 30, tafuta kupimwa hata kama huna maumivu. Mwenye virusi vya ukimwi aanze kwa miaka 25. Njoo mara moja ukiona alama hizi: damu kisha kulala na mume, damu katikati ya hedhi mbili, damu kisha hedhi kukoma kabisa, maji yenye harufu mbaya, uvimbe katika titi, hata kama hauumi. Damu inayotoka kisha hedhi kukoma si «hedhi iliyorudi». Ni alama ya hatari.

Baba: Muke wako akikuambia jambo hili, usimuulize amelala na nani. Muulize twende siku gani. Feza ya njia leo ni ndogo kuliko ng'ombe atakayeuzwa kesho.

Muuguzi: Mwanamuke anayetokwa damu apimwe chini, siku ile ile, hata kama mustari ni murefu. Tafuta mahali pa siri; pazia la kikwembe linatosha. Kisha andika vizuri: umri, kijiji, ulichoona. Kama huwezi kupima, andika barua na umupeleke mbele.

Mama yule alizikwa kwao, ng'ambo ya mto. Binti yake aliyemusindikiza siku ya kwanza sasa ana watoto. Alipofikia miaka 30 nilimutumia neno, akaja. Tulimupima. Mahali padogo palikuwa peupe. Palitibiwa siku ile ile. Yuko muzima.

MAULIZO YA KUJADILIANA

1. Kwa nini hatuwezi kulinganisha inchi mbili kwa hesabu ya waliokufa tu?
2. Asia ya Magharibi na Amerika ya Kaskazini zote zina vifo vichache. Sababu zao ni moja?
3. Norwei ilikuwa na hospitali nyingi. Ilikosa nini?
4. Katika kijiji chako, ni jambo gani linalowazuia wanawake kuja mapema: haya, feza, njia, ao sisi wauguzi wenyewe?
5. Taja wanawake watatu wa jamaa yako wenye miaka 30 na zaidi. Nani atawaambia juma hili?