Afya Yetu: Vikanyagio vya Kuchomelea na Usalama wa Miguu



Pikipiki ni msaada mkubwa katika parokia zetu. Humfikisha mama mjamzito zahanati, hupeleka mahindi mashineni, na humsaidia katekista kufika vigango vya mbali. Lakini pikipiki hiyohiyo hutuletea wodini watu wengi waliovunjika miguu. Mwezi huu tujifunze jambo moja ambalo halizungumzwi sana: vikanyagio na vibao vya kuwekea miguu vinavyoongezwa kwa kuchomelea.

1. Kwa nini huongezwa?

Mama aliyevaa kitenge huketi upande, miguu yote miwili ikining'inia, na hana pa kuiweka. Abiria wawili waliopanda "mshikaki" hugombania kikanyagio kimoja. Dereva wa safari ndefu naye hutaka kunyoosha magoti. Basi fundi wa kuchomelea huombwa aunge bomba au kibao cha chuma kinachotokeza nje. Nia ni njema. Hatari yake haionekani pikipiki ikiwa imesimama. Huonekana kwenye kona.

2. Pikipiki hulala kwenye kona

Gari hukata kona likiwa limesimama juu ya magurudumu manne. Pikipiki ni lazima ilale upande inakoelekea, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo inavyolala zaidi. Tuchukue kona kali ambayo duara lake lina nusu kipenyo cha mita 20. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, pikipiki hulala karibu nyuzi 20 kutoka wima. Kwa kilomita 35 hulala karibu nyuzi 26, na kwa kilomita 40 karibu nyuzi 32. Mwendo umeongezeka kidogo, lakini mlalo umeongezeka sana.

Sasa tutazame kikanyagio. Tuseme ncha yake iko sentimita 25 juu ya ardhi, na sentimita 35 kutoka mstari wa katikati ya tairi. Ncha hiyo itagusa ardhi pikipiki ikilala karibu nyuzi 35. Fundi akiongeza sentimita 10 kwenda nje, itagusa kwenye nyuzi 29. Wakipanda watu wawili na mzigo, springi zikashuka sentimita 5, itagusa kwenye nyuzi 24. Hivyo kona ambayo kijana alizoea kuipita bila shida kwa kilomita 35, leo chuma kitakwaruza lami.

3. Chuma kikigusa ardhi

Kwa pikipiki nyingi, vikanyagio vya abiria kutoka kiwandani vina bawaba na hujikunja kwenda juu. Hata pikipiki kubwa za Marekani, kama Harley-Davidson, ambazo dereva wake hukanyaga vibao vipana, vibao hivyo vina bawaba ili vinyanyuke vikigusa barabara. Chuma kilichochomelewa hakijikunji. Kikigusa, hubeba uzito uliopaswa kuwa juu ya tairi. Tairi hupoteza mshiko, na pikipiki huteleza au hujipindua. Mguu wa dereva au wa abiria hubanwa katikati ya chuma na barabara.

Mfupa wa muundi umefunikwa na nyama kidogo sana upande wa mbele. Ukivunjika, mara nyingi hutoboa ngozi, na vumbi na mchanga huingia hadi kwenye mfupa. Uchafu huo ukileta usaha ndani ya mfupa, matibabu huchukua miezi mingi, na wengine hupoteza mguu. Nyumbani watoto husubiri ada na chakula kwa baba asiyeweza kusimama.

4. Kipimo rahisi

Simamisha pikipiki wima ikiwa imebeba mzigo wake wa kawaida. Chukua ubao mnyoofu. Weka ncha yake moja pale tairi linapogusa ardhi, kisha uuegemeze kwenye ncha ya kikanyagio kilichotoka kiwandani. Chochote kinachoongezwa kisivuke ubao huo, wala kwenda chini wala kutokeza nje. Kikivuka, kiondolewe. Kipimo hiki ni kwa madumu ya maji, kreti za soda na vyuma vya kukinga injini pia.

Anayebeba watu au mzigo apunguze mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, si akiwa katikati yake. Akisikia chuma kinakwaruza, asifunge breki kwa ghafla: aachie mafuta taratibu na kupunguza mlalo kama barabara inaruhusu.

5. Abiria na watoto

Akina mama, ni salama zaidi kutanua miguu na kukanyaga pande zote mbili. Vaa suruali ndani ya gauni au kitenge, na kusanya ncha za nguo zisinaswe na mnyororo au gurudumu. Viatu vilivyofunika mguu ni bora kuliko kandambili. Mvae kofia ngumu, dereva na abiria. Usitoe mguu nje kwenye kona ukidhani unasaidia kuweka mizani.

Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye kikanyagio asipakizwe pikipiki. Mguu unaoning'inia huingia kwenye spoki za gurudumu la nyuma, na kisigino huchanika vibaya. Kumwekea kibao kirefu cha kuchomelea si dawa.

6. Huduma ya kwanza

Mtu akivunjika mguu:

- Mwondoeni barabarani kwa uangalifu, mguu ukitegemezwa. Msiuvute, wala msirudishe ndani mfupa uliotokeza.
- Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi. Kama mfupa umetokeza, kandamizeni pembeni yake, si juu yake.
- Funikeni kidonda. Msitie majani, udongo, mafuta ya taa wala samadi. Samadi na udongo huweza kuleta pepopunda.
- Tegemezeni mguu kwa mbao mbili au boksi gumu, kuanzia juu ya goti hadi kwenye nyayo. Msikaze sana, na acheni vidole vionekane.
- Mfikisheni hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Dawa za kuzuia vijidudu na chanjo ya pepopunda hufaa zaidi zikitolewa mapema.

Maumivu yakizidi badala ya kupungua, ndama ya mguu ikiwa ngumu, au vidole vikifa ganzi na kuwa baridi, legezeni kilichofungwa na msingoje asubuhi. Mguu unaweza kufa kwa muda wa saa chache tu. Kwa sababu hiyo, kumpeleka mgonjwa kwanza kwa mganga wa kufunga mifupa kwa kukaza kumewagharimu wengi.

7. Ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

- Je, pikipiki za familia zetu zimeongezewa vyuma gani? Nani atazipima kwa ubao wiki hii?
- Kona gani ya barabara yetu imewaumiza watu? Tunaweza kukata majani au kufagia changarawe?
- Tunawaambiaje vijana wetu wa bodaboda kwa upendo, bila kuwadharau kazi yao?

Mwili ni zawadi ya Mungu, na mguu wa abiria umekabidhiwa kwa dereva. Mungu awalinde nyote safarini.