MAFIGO NA KIJIKO CHA TABIBU

Kila mwanadamu ana mafigo mawili. Yamekaa upande wa mgongoni, karibu na mbavu za mwisho, moja kuume kwa uti wa mgongo na moja kushoto, na kila moja ni kadiri ya ngumi ya mtu. Kazi yake ni kuchuja damu. Mpishi achujapo tui hutumia kifumbu. Tui hupita, machicha hubaki. Na ndani ya kila figo mna vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, karibu milioni 1. Kwa siku moja mafigo ya mtu mzima huchuja maji lita 180, yaani kadiri ya madebe 10. Karibu yote hurudishwa katika damu. Lita 1 au 2 zilizosalia, pamoja na taka za mwili, ndizo mkojo.

Mafigo ni watumishi wanyamavu. Jino likioza huuma, lakini figo laweza kuharibika siku nyingi pasipo maumivu yo yote. Watu husema, "Mgongo waniuma, ni mafigo," na mara nyingi si mafigo, ni jembe tu. Basi, ishara zitafutwe wapi?

Tabibu Mwingereza, Richard Bright, alilitafuta jibu katika hospitali ya Guy's mjini London. Huko walikuwako wagonjwa waliovimba mwili. Bright alitwaa mkojo wao kidogo katika kijiko, akakishika juu ya mshumaa. Mkojo ukaganda, ukawa mweupe kama ute wa yai utiwapo motoni. Wengine walipokufa, miili yao ikapasuliwa, akaona mafigo yameharibika. Habari hizo alizitoa katika kitabu mwaka 1827. Kumbe kifumbu kilikuwa kimetoboka, na protini, ambayo imo katika damu kama ilivyo katika ute wa yai, ilikuwa ikipotea. Siku hizi tabibu hana haja ya mshumaa. Huchovya katika mkojo kipande cha karatasi chenye dawa, akatazama rangi inavyogeuka.

Kwa watoto, ishara ya kwanza mara nyingi huonekana usoni, tena asubuhi. Mtoto huamka macho yamevimba hata hayafunguki vema. Jioni uso hupungua, miguu ikajaa. Ukibonyeza muundi wake kwa kidole gumba, shimo hubaki. Mkojo huwa mchache, au wenye povu lisilokwisha upesi, au huwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. (Mkojo wa manjano iliyokolea baada ya kucheza juani ni jambo lingine, hiyo ni kiu.) Ukiuliza, utaambiwa kwamba majuma machache yaliyopita mtoto alikuwa na koo linalouma au vidonda vyenye usaha. Vidudu vile havikuhamia katika mafigo. Bali mwili, katika kupigana navyo, uliyadhuru mafigo yake wenyewe.

Hatari ni kwamba mama hufurahi akisema mwanawe amenenepa, au jirani husema ni jicho baya, na siku zinapita. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku ile ile, maana shinikizo la damu likipanda sana huweza kumtia degedege. Akitunzwa mapema, kwa kawaida hupona kabisa.

Tena kuna kichocho. Penye mabwawa na majaruba ya mpunga, wavulana huona damu mwisho wa kukojoa, wakanyamaza kwa haya. Wengine hujisifu kwamba sasa wamekuwa wanaume. Sivyo. Ni minyoo, ambayo watoto wake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aogaye. Mdachi Theodor Bilharz aliigundua mjini Cairo mwaka 1851. Ikiachwa miaka mingi huziba njia za mkojo, hata mafigo yakaharibika. Lakini mvulana asemaye mapema hupewa vidonge, akavimeza siku moja, akarudi darasani.