Mkato wa Kushukia, Njia ya Kupandia

Ukipanda gari Moshi mjini kwenda Kibosho, utaona barabara inapanda bila kona nyingi, ingawa unaukwea mlima mrefu kuliko yote Afrika. Sababu ni umbo la mlima wenyewe. Upande huu wa kusini mito kama Karanga, Umbwe na Weruweru imeuchana Kilimanjaro kutoka juu hadi tambarare, na kati ya mto na mto umebaki mgongo mrefu unaoinuka taratibu. Barabara imelala juu ya mgongo huo. Taabu huanza siku unapotaka kumsalimia ndugu aliye mgongo wa pili. Hapo huna budi kulivuka bonde, na hapo ndipo njia ya miguu inapoanza kupindapinda.

Asubuhi moja nilisimama ukingoni mwa bonde la mto Karanga nikimtazama mama mmoja akipanda na mkungu wa ndizi kichwani, chini yake ngata ya majani makavu ya mgomba. Alikwenda mshazari kushoto hatua kama thelathini, akapinda, akaenda mshazari kulia, akapinda tena. Kati ya kona na kona palikuwa na mkato ulionyooka, mwekundu, uliochongwa na miguu ya watoto wa shule. Mkato ule ungemfikisha juu kwa nusu ya hatua zake, lakini hakuutupia hata jicho. Alipofika juu nilimsalimu, nikamwuliza kwa nini hakuufuata. Akanijibu, "Huo ni wa kushukia, baba. Wa kupandia ni huu."

Jibu lake ni sahihi, na fizikia yake inaweza kuelezwa kwa hesabu ya darasa la saba. Tuanze mwanzo kabisa.

Dunia huvuta kila kitu chini, wima. Haivuti kushoto wala kulia. Kilo moja huvutwa kwa kani ya nyutoni 9.8, na ukitaka kuipandisha mita moja, utafanya kazi ya jouli 9.8. Tuseme mama yetu ana kilo 55 na mkungu wake kilo 25, jumla kilo 80. Tuseme pia kutoka mtoni hadi juu ya mgongo kuna kimo cha mita 100. Kazi ya kupanda ni 80 mara 9.8 mara 100, yaani jouli 78,400. Misuli ya binadamu hugeuza takribani robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi na iliyobaki hutoka kama joto, ndiyo maana mpandaji hutokwa jasho hata kwenye baridi. Kwa hiyo zidisha mara nne. Utapata jouli 313,600, ambazo ni kilokalori 75 hivi. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kilokalori zipatazo 100. Ndiyo kusema kuinua mwili wake na mkungu mzima kutoka bondeni kunamgharimu pungufu ya ndizi moja.

Sasa itazame tena hesabu hiyo. Ina uzito na ina kimo, lakini urefu wa njia haumo. Apande kwa mkato au kwa kona ishirini, jouli 78,400 ni zile zile. Wanafunzi wengi hukwama hapa, na wana haki ya kukwama: kama kazi ni ile ile, kona zina faida gani?

Chukua ukurasa wa gazeti. Kata pembetatu yenye pembe mraba, kitako chake sentimita 40 na kimo chake sentimita 10. Ule ukingo wa mshazari, mrefu kuliko zote, upake wino pande zote mbili za karatasi. Hiyo ndiyo njia ya kupandia: mwendo wa 40 kwa kimo cha 10, yaani robo. Njia nzuri, isiyochosha. Tatizo ni kwamba bonde halina nafasi ya kuiweka yote, kwa sababu kutoka mtoni hadi juu kwa usawa ni sentimita 10 tu. Sasa ikunje karatasi mbele na nyuma, kila mkunjo sentimita 10, ncha fupi ikae mbele. Itazame kwa mbele. Ukingo wako wa wino unakwenda kulia, unarudi kushoto, unakwenda kulia, unarudi kushoto, hadi kileleni. Umepata zigizaga. Njia ni ile ile ndefu na mwinuko wake haukubadilika. Umeikunja tu ipate kutosha kwenye kilima kifupi chenye ukali.

Nikimfundisha mtu jambo moja tu kuhusu njia za mlimani, nitamkunjia karatasi hiyo.

Turudi kwa mama. Tuseme ukuta wa bonde umeinama nyuzi 30. Kwenye mteremko wa namna hiyo, kila mita 2 za kwenda moja kwa moja zinakuinua mita 1, hivyo mkato wa kimo cha mita 100 una urefu wa mita 200. Akienda mshazari kiasi cha kuhitaji mita 4 kwa kila mita 1 ya kimo, njia itakuwa mita 400. Kama angekuwa anasukuma toroli, faida ingejionyesha mikononi: ukiacha msuguano, kwenye mkato angesukuma nusu ya uzito wa toroli, kwenye njia ya kona robo. Nusu mara 200 ni 100. Robo mara 400 ni 100. Kani imepungua, urefu umeongezeka, deni ni lile lile ila linalipwa kidogo kidogo.

Mtembea kwa miguu si toroli, kwa sababu miguu hubeba uzito wote kila wakati. Kwake faida iko kwenye hatua. Hatua ya sentimita 50 kwenye mkato humwinua sentimita 25, na ngazi ya kawaida ya nyumba haizidi sana 17. Ni sawa na kupanda ghorofa kwa ngazi zilizojengwa na fundi asiyejua kupima, huku kichwani una kilo 25. Kwenye njia ya kona hatua hiyo hiyo humwinua sentimita 12 na nusu. Tena kwenye mkato kisigino hakigusi chini, na shavu la mguu hukaza muda wote kushikilia mwili. Msuli unaokaza hula nishati hata kama hausogezi kitu. Ndiyo maana kusema "si anyooke tu, ila aende polepole" hakumalizi tatizo.

Kisha kuna muda. Akitembea nusu mita kwa sekunde, mkato ungemchukua sekunde 400, na kazi yake ingekwenda kwa wati 196. Njia ya kona humchukua sekunde 800, kwa wati 98. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufanya kazi ya karibu wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Kwenye wati 196 wengi wetu tungeishia kwenye jiwe la kwanza, tumejishika kiuno.

Je, basi, njia ikizidi kulala ndiyo bora zaidi? Hapana. Ukiilaza mno, unatumia nguvu nyingi kutembea mwendo usiokuinua. Mahali fulani katikati pana mwinuko unaokufikisha juu kwa gharama ndogo kuliko mwingine wowote. Alberto Minetti, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Italia, aliutafuta mwinuko huo katika utafiti alioutoa 1995, akakuta uko karibu na robo: mita 25 za kimo kwa kila mita 100 za usawa. Mnamo 2007 Marcos Llobera na Tim Sluckin walionyesha kwa hesabu kinachofuata: kilima kikiwa laini kuliko kiwango fulani, nyooka, kikikizidi, kata mshazari. Rudi kwenye karatasi yako ya gazeti, 10 juu ya 40, uone ni mwinuko gani. Waliozichora njia za mabonde ya Kibosho kwa nyayo zao, vizazi kwa vizazi wakiwa na mikungu na mizigo ya majani ya ng'ombe, walikuwa wakipima jambo hilo hilo kwa mapafu.

Juu zaidi somo hili huwa kali. Njia ya Umbwe, inayoanzia hapa Kibosho, hufuata mgongo mwembamba usio na nafasi ya kona, na kuna mahali mpandaji hushika mizizi ya miti kwa mikono. Upande wa Marangu, kutoka kibanda cha Kibo kilicho kwenye mita 4,720 hadi Gilman's Point kwenye mita 5,685, njia ni kona juu ya kona katika changarawe. Changarawe iliyojimwaga yenyewe hulala kwenye pembe ile tu ambayo msuguano unaweza kuizuia. Ukiipanda moja kwa moja, kila hatua unairudisha chini pamoja na mguu wako. Na kileleni, kwenye mita 5,895, shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Wati ulizokuwa nazo Moshi huna tena. Wapagazi wanaposema polepole, wanazungumzia wati.

Magari nayo hulipa deni hili. Barabara ya Mombo hadi Lushoto hutumia kilomita zipatazo 33 kupanda kimo cha karibu kilomita moja. Dereva wa bodaboda anayeingiza gia namba moja anafanya jambo la jamaa moja na kona: injini izunguke mara nyingi, kila mzunguko usukume kidogo. Treni ndiyo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 kwa kuambaa tambarare, haikuthubutu kupanda huku kwetu. Kule Darjeeling, India, kwenye reli iliyofunguliwa 1881, kuna mahali treni haiwezi hata kukata kona. Huenda mbele, hurudi kinyumenyume kwenye reli ya juu yake, kisha huenda mbele tena.

Nimeyaacha maji mwisho kwa sababu ndiyo yanayotuhukumu.

Wazee wa Kibosho waliochimba mifongo, yaani mifereji ya maji, walilijua somo hili kwa upande wa kushuka. Mfongo huchukua maji juu kabisa, ndani ya korongo la mto, kisha huyapitisha ubavuni mwa bonde kwa mteremko mdogo mno. Mto unashuka, mgongo nao unashuka, lakini mfongo unashuka taratibu kuliko vyote viwili. Kwa hiyo baada ya mwendo fulani mfongo hujikuta juu ya mgongo, katikati ya vihamba, mashamba ya migomba ya nyumbani. Mgeni huapa kwamba maji yamepanda mlima. Hayakupanda, yamekataa tu kushuka upesi.

Mkato hufanya kinyume chake. Maji yakiporomoka kimo cha mita 5 bila kizuizi hufikia kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde, na kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya kuchimba huongezeka mara nne. Mawe na nyasi huyapunguza, lakini kwenye mkato uliosuguliwa na viatu hakuna nyasi. Mkato ule nilioutazama ulikuwa umezama hadi magotini, na udongo wake ulikuwa umeshatangulia Karanga. Kibaya zaidi, ulikuwa umeanza kula kingo za kona zenyewe, juu na chini.

Kwa heshima zote kwa mama yule, mkato huo usiwe hata wa kushukia. Nawaomba wenyeviti wa vitongoji na walimu wa shule zilizo kwenye mabonde haya: zibeni midomo ya mikato kwa mawe, pandeni matete kukingama mteremko, na juu kabisa, pale mtoto anapoamua aende wapi, pandeni masale. Hakuna Mchaga asiyejua kwamba sale ni mpaka. Masika huanza Machi, hivyo kazi ifanyike mwishoni mwa Februari.