Leseni Hukupa Mawimbi, Haikupi Paa

JUA HAKI ZAKO

Swali: Mimi ni mpangaji South B, Nairobi. Tunaishi watatu katika nyumba ya ghorofa ya nne, na kodi tunachanga. Nina leseni ya redio ya ridhaa. Redio yangu iko kwenye meza pembeni mwa sebule, na waya wa antena niliupitisha dirishani hadi juu ya paa, nikaufunga kwenye nguzo ya tangi la maji. Juzi keateka aliukata akisema ni amri ya landilodi. Mwenzangu mmoja naye analalamika kwamba redio inaikwaruza televisheni na kwamba itatuletea saratani. Nimewaonyesha wote leseni lakini hawataki kuisikia. Je, leseni ya serikali si ina nguvu kuliko landilodi?

Jibu: Pole kwa waya wako, lakini kwa suala la paa jibu ni hapana. Serikali imekupa ruhusa ya kutumia mawimbi. Paa ni la mwenye nyumba, na sebule ni yenu watatu. Kila kitu hapo kina mwenyewe, na kila mwenyewe huombwa kivyake. Hata hivyo, yapo mambo ambayo landilodi na keateka wake nao hawaruhusiwi kukufanyia. Tuyapange.

Mawimbi: ruhusa ya serikali

Kwa msomaji anayekutana na jambo hili kwa mara ya kwanza, redio ya ridhaa si stesheni ya FM. Mwanaridhaa huzungumza na mwanaridhaa mwenzake, awe Kisumu au Brazil, kwa sauti, kwa Morse au kwa data ya kompyuta. Wenyewe hujiita ham, na sikio la Mswahili husikia hamu, jambo ambalo haliko mbali na ukweli. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) zinaieleza huduma hii kuwa ya kujifundisha, kuwasiliana na kuchunguza ufundi wa redio, pasipo nia ya kupata pesa. Kwa hiyo kupiga muziki, kutangaza biashara au kumfanyia kampeni mwaniaji wa udiwani si matumizi yake.

Hapa Kenya, Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 inamtaka mwenye kituo cha redio awe na leseni, na anayeitoa ni Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Kanuni za ITU zinaitaka kila nchi ihakikishe kwamba mwombaji ana ujuzi wa kutosha kabla ya kuruhusiwa hewani. Tangu mkutano wa ITU wa 2003, ni juu ya kila nchi kuamua kama itamtahini mwombaji kwa Morse. Anayepewa leseni hupata alama yake ya wito. Za wanaridhaa wa Kenya huanza na 5Z4, za Tanzania 5H, za Uganda 5X. Enzi za ukoloni, Kenya ilikuwa VQ4.

Mambo matatu kuhusu leseni husahauliwa sana. Kwanza, ni ya mtu, si ya nyumba. Mwenzako wa chumbani asiye na leseni hana ruhusa ya kushika kipaza sauti chako ukiwa kazini, na akifanya hivyo anayeulizwa ni wewe. Pili, leseni ina mipaka ya masafa na nguvu. Katika kanda yetu ya ITU, yaani Kanda ya 1, wanaridhaa wana masafa kama megahezi 7.0 hadi 7.2, 14.0 hadi 14.35 na 144 hadi 146, lakini la kufuata ni lile lililoandikwa kwenye karatasi yako. Tatu, kama leseni imetaja mahali pa kituo, kuhama nyumba bila kuitaarifu CA ni kujitafutia makosa.

Na kabla hujaagiza redio mtandaoni, uliza CA kama aina hiyo imeidhinishwa. Kuna kanuni za 2010 zinazosimamia uingizaji na uidhinishaji wa vifaa vya mawasiliano. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kubembeleza forodhani.

Paa: ruhusa ya mwenye jengo

Mpangaji hukodisha kilicho ndani ya mlango wake, pamoja na njia ya kufika hapo. Paa, kuta za nje, nguzo za tangi na ngazi hubaki kwa mwenye jengo, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Soma mkataba wako. Ukikuta kifungu kinachokataza kutoboa ukuta au kuweka kitu nje bila kibali cha maandishi, ujue kifungu hicho kinakubana hata ukiwa na leseni kumi. Ukikuta kimya, usiuchukulie ukimya huo kuwa ruhusa. Andika uombe.

Aliyenunua fleti yake hali yake ni tofauti kidogo. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, mwenye fleti anamiliki sehemu yake, na maeneo ya pamoja ni ya wamiliki wote kwa mafungu yao. Jengo husimamiwa na shirika la wamiliki lenye sheria ndogo zake. Mmiliki wa aina hii ana sauti ambayo mpangaji hana: anaweza kulipeleka ombi lake mkutanoni, kulipigania na kupiga kura. Mgogoro ukizuka, sheria hiyo inaruhusu shirika kuunda kamati ya ndani ya kusuluhisha. Lakini naye hawezi kupanda tu paani na nyundo.

Ipo pia nyumba ya familia: baba amefariki, mirathi haijakamilika, ndugu watano wanaishi humo. Hapo hakuna mmoja mwenye paa peke yake. Wakubaliane, na makubaliano yaandikwe. Ikiwa nyumba iko Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, uliza kwanza ofisi ya Makavazi ya Kitaifa kabla ya kubadilisha sura ya nje ya jengo.

Waya mwembamba ni jambo moja, mlingoti ni jambo jingine. Ukitaka kusimamisha mnara, utakutana na kaunti kupitia Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na karibu na viwanja vya ndege utakutana na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Wewe wa South B huhitaji kukumbushwa uwanja wa Wilson uko wapi. Na popote ulipo, usirushe waya juu ya nyaya za umeme, wala usisimamishe mlingoti mahali ambapo ukianguka utazigusa. Hapo hakuna rufaa.

Sebule: ruhusa ya wenzako

Kama nyote watatu mmetia saini mkataba, mna haki sawa juu ya sebule. Kama ni mmoja tu aliyetia saini, huyo ndiye anayejibu kwa landilodi, na ninyi wengine mnaishi kwa masharti mliyopatana naye. Katika hali zote mbili, meza ya redio, nyaya sakafuni na sauti za usiku wa manane ni mambo ya kukubaliana. Mawasiliano ya mbali mara nyingi hufunguka usiku, na mwenzako anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu. Kila mmoja ajiweke mahali pa mwenzake: wewe uvae vipokea sauti vya masikioni, naye akupe kona yako.

Karatasi moja inatosha. Iandike kona ni ipi, saa za kurusha ni zipi, umeme wa ziada unalipwa na nani, na redio inafungwaje wakati hupo. Wote mtie saini.

Televisheni na saratani

Malalamiko ya mwenzako yasipuuzwe. Mwenye leseni hapaswi kusababisha mwingiliano unaodhuru mawasiliano ya wengine. Lakini si kila mkwaruzo ni kosa lako. Wakati mwingine redio ni safi, ila televisheni au spika imeundwa vibaya ikanasa isichopaswa kunasa. Wakati mwingine ni kinyume chake: taa za LED na chaja za bei ya chini ndizo zinazomimina kelele kwenye redio yako.

Fanyeni jaribio. Wewe uandike kwenye daftari kila unaporusha: saa, masafa, nguvu. Mwenzako aandike kila televisheni inapokwaruza. Baada ya wiki linganisheni. Saa zikipatana, punguza nguvu, sogeza antena, au vika nyaya za televisheni vibanio vya feraiti vya kuzuia kelele. Saa zisipopatana, kesi yako imekwisha bila wakili. Daftari hilo litakufaa pia mkaguzi wa CA akija.

Kuhusu saratani, mawimbi ya redio hayana nishati ya kuvunja kemia ya chembechembe za mwili kama inavyofanya mionzi ya eksirei. Athari yake iliyothibitishwa ni kupasha joto, nayo ndiyo inayowekewa mipaka ya usalama na tume ya kimataifa ya ICNIRP. Kinga kuu ni umbali: mbali na antena, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inayokufikia hushuka hadi robo. Kwa hiyo hofu ya mwenzako ina jibu la vitendo. Usiweke antena ya kurushia karibu na kitanda cha mtu, na usirushe kwa nguvu kubwa kuliko inavyohitajika.

Wasichoruhusiwa kukufanyia

Sasa upande wa pili. Landilodi alikuwa na haki ya kukuagiza uondoe waya. Njia iliyofaa ni notisi: ondoa ndani ya siku kadhaa. Kuharibu mali ya mtu makusudi na bila haki ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu 339. Lakini usikimbilie kituo cha polisi. Waya ulikuwa mahali ambapo hukuwa na ruhusa, kwa hiyo malalamiko yako yana doa. Barua ya kudai fidia itakufikisha mbali zaidi.

Keateka hana ruhusa ya kuingia nyumbani mwenu kuichukua redio. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda nyumba na mali yako dhidi ya upekuzi. Hata anayechunguza makosa ya mawasiliano, sheria imeweka utaratibu wa kupata hati ya mahakama ya kupekua. Akifika mtu, omba kitambulisho na hati, isome, kisha shirikiana.

Landilodi hawezi kukufungia mlango kwa sababu ya antena. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji wa mwezi hadi mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoisha siku ya kulipa kodi. Akikunyima amana bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Na CA ikikataa ombi lako au kukufutia leseni, Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sababu zisipokuridhisha, lipo Baraza la Rufaa za Mawasiliano na Vyombo vya Habari. Ukihitaji nakala ya masharti au ada, omba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21.

Ufanye nini sasa

Ondoa mabaki ya waya paani wewe mwenyewe, ukishamtaarifu keateka. Kisha mwandikie landilodi barua ya ukurasa mmoja. Ambatisha nakala ya leseni. Eleza kwamba unaomba waya mmoja wa urefu gani, utafungwa wapi, hautatoboa paa wala kugusa bomba, utauondoa ukihama, na utalipa uharibifu wowote. Kwa megahezi 14, antena ya nusu wimbi ina urefu wa takriban mita 10 tu. Landilodi anayeogopa neno "antena" huenda asiogope kamba ya nguo yenye urefu huo.

Akikataa, ana haki, na huna pa kumshtaki. Lakini redio haijafa. Ipo antena ya kitanzi yenye upana wa kama mita moja inayokaa barazani, usiisimamishe tu mahali wenzako wanapokaa. Ipo njia ya kubeba redio ndogo hadi shambani kwenu, kama leseni inaruhusu kituo cha kuhamishika. Na wapo wenzako wa Chama cha Redio ya Ridhaa Kenya (ARSK), ambao wamekumbana na maswali kama haya kabla yako.

Anayeanza leo afuate mpangilio huu: leseni kwanza, barua ya mwenye nyumba ya pili, karatasi ya wenzako ya tatu. Redio inunuliwe ya nne.