Picha ya Setilaiti Ikifika na Mapengo: Maswali na Majibu

Vituo vingi vya hali ya hewa barani Afrika hupokea picha za Meteosat kwa dishi, kupitia huduma ya EUMETCast inayoendeshwa na EUMETSAT, shirika lenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Haya ni majibu kwa maswali ambayo mafundi na wanafunzi huuliza mara kwa mara kuhusu mafaili yanayokosekana.

Kwa nini picha moja ifike ikiwa vipande?

Kifaa cha SEVIRI kilichomo katika Meteosat za kizazi cha pili hukamilisha picha moja kila dakika 15, kikianzia kusini kwenda kaskazini. Kina chaneli 12. Picha za chaneli 11 hugawanywa vipande 8 kila moja, na ile moja inayoonyesha mambo kwa undani zaidi hugawanywa vipande 24. Ukiongeza faili la utangulizi na la hitimisho, unapata mafaili 114 kwa kila picha kamili. Katika picha za vipande 8 za setilaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, ikweta ndiyo mpaka kati ya kipande cha 4 na cha 5. Tanzania imo katika cha 4, na Kenya imegawanyika kati ya vyote viwili. Kipande cha 4 kikipotea, sehemu kubwa ya Ziwa Victoria hupotea nacho.

Je, naweza kuomba kipande kilichopotea kitumwe tena?

Hapana. Matangazo haya huenda upande mmoja tu, kama redio: mtumaji hajui kituo chako kimepokea nini. Data huambatana na taarifa za ziada za kurekebisha makosa, na hizo hufidia upotevu mdogo. Upotevu ukizidi kiwango hicho, programu ya mapokezi hulitupa faili zima. Kwa hiyo kazi yako ni kuondoa chanzo kabla ya picha zijazo kuathirika.

Nianze wapi kutafuta chanzo?

Anza kwa kuandika. Usihamishe dishi wala kusakinisha programu upya kabla hujaorodhesha, kwa siku kadhaa, ni kipande kipi kilikosekana, cha chaneli ipi, saa ngapi. Mpangilio wa mapengo hukuonyesha mahali pa kutazama. Mapengo yaliyotawanyika bila utaratibu huelekeza kwenye mapokezi. Yanayotokea kazi zinapolundikana huelekeza kwenye kompyuta. Aina moja ya data isipofika kamwe, angalia usajili wako, ufunguo wa USB unaofungua data, na orodha ya chaneli za matangazo katika mipangilio ya programu ya mapokezi. Na kituo jirani kikikosa kipande kile kile, soma matangazo ya EUMETSAT, maana huenda tatizo liko kwa mtumaji.

Runinga ya dishi inaonyesha vizuri. Mapokezi yangu yanawezaje kuwa mabaya?

Mawimbi ya kidijitali hayafifii polepole machoni pa mtazamaji. Kila kitu huonekana sawa hadi ubora unaposhuka chini ya kikomo, kisha mafaili huanza kupotea kwa wingi. Soma kipimo cha ubora kwenye kipokezi, siyo nguvu ya mawimbi peke yake. Kagua viungio vya kebo kama vimeingiza maji, LNB (kifaa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi) kama imechoka, na dishi kama limesogezwa na upepo. Angalia pia minara mipya ya mawasiliano iliyo karibu, kwa sababu bendi ya C inayotumika Afrika huingiliwa na mitambo ya ardhini.

Ikiwa upotevu hutokea kwa dakika chache, karibu saa ile ile, kwa siku kadhaa mfululizo karibu na Machi au Septemba na Oktoba, jua limepita nyuma ya setilaiti ya matangazo. Hapo hakuna cha kutengeneza. Weka tarehe hizo kwenye kalenda ya kituo.

Ubora wa mawimbi ni mzuri, lakini vipande bado vinapotea. Kwa nini?

Huenda kompyuta inashindwa kuandika kwa kasi ya data inayoingia. Diski iliyojaa ni chanzo cha kawaida, na programu ya kuzuia virusi inayochunguza kila faili jipya ni chanzo kingine. Iondoe folda ya mapokezi kwenye uchunguzi huo, futa data ya zamani kwa ratiba, na tenganisha kazi: kompyuta moja ipokee tu, nyingine itengeneze picha.

Mafaili yote 114 yapo, ila picha ina pengo. Kwa nini?

Programu ya kutengeneza picha ilianza mapema. Si lazima vipande vifike kwa mpangilio, hivyo kufika kwa faili la hitimisho si uthibitisho kwamba mengine yote yamefika. Iagize programu ihesabu vipande, isubiri kwa muda uliowekewa ukomo, ndipo ianze. Ukinakili kwenda kompyuta ya pili, tumia jina la muda na ulibadilishe faili likishakamilika, ili lisisomwe likiwa nusu.

Je, nijaze pengo kwa kipande cha picha iliyotangulia?

Usifanye hivyo katika picha ya utabiri. Mawingu ya radi juu ya Ziwa Victoria hukua haraka, na wavuvi huwa majini usiku. Kipande cha zamani humwonyesha mtabiri anga ambayo haipo tena. Acha pengo lionekane, liandikwe wazi kwamba data haikufika, ili mtabiri ajue kwamba hapo anahitaji rada au taarifa za vituo vya ardhini.