Kioo cha simu na mchanga wa mfukoni

Siku hizi karibu kila mfanyakazi ana simu ya kugusa kwa kidole, na katika nyumba nyingi watoto wana tableti ya kusomea. Ni vyombo vya bei, na kubadilisha kioo kunakula sehemu kubwa ya mshahara. Lakini ukurasa huu ni wa usalama na afya. Tunaandika juu ya kioo cha simu kwa sababu kikipasuka kinakata, na kwa sababu watu wanakuja dispanseri na vipande vyake ndani ya kidole.

Ni lazima kujua kwanza ya kwamba kioo cha simu nyingi si kama kioo cha dirisha. Kiwandani wanakitumbukiza ndani ya chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa moto mkali. Chembe za sodiamu zinatoka katika kioo, na chembe za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi, zinaingia mahali pao. Zinabanana kama watu waliojaa ndani ya teksi, na kwa kubanana hivyo zinazuia ufa usifunguke. Kioo cha namna hii cha kampuni Corning ya Marekani kilianza kutiwa katika simu mwaka 2007. Nguvu yake yote iko katika ngozi ile ya juu, nayo ni nyembamba, haifiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Mkwaruzo ukiipita ngozi ile, ufa umepata mlango. Ndiyo sababu simu inaweza kuanguka mara nyingi bila neno, kiisha siku moja inateleza kutoka kitandani tu na kupasuka yote. Wengine wanasema jirani ameitazama kwa jicho baya. Hapana, ni mkwaruzo wa zamani.

Sasa, nani anakwaruza? Wengi wanashtaki funguo. Tazama kipimo cha ugumu wa mawe, kilichotolewa mwaka 1812 na Mohs, mtaalamu Mjerumani. Kinakwenda kutoka 1 mpaka 10, na almasi ndiyo 10. Chuma cha kisu kiko karibu na 5 na nusu. Malakiti yetu, lile jiwe la kijani lenye shaba, haifiki hata 4 na nusu. Kioo cha simu kiko karibu na 6. Lakini kwarizi, ambayo ndiyo chembe zinazong'aa ndani ya mchanga wa kawaida, iko 7. Basi ufunguo hauna hatia sana, na madini ya shaba hayana hatia. Mwenye hatia ni mchanga ulio chini ya mfuko wa salopeti yako. Tena vumbi la kwarizi ndilo lile lile linaloharibu mapafu ya watu wanaochimba bila kujifunika pua. Kwa hiyo mfuko uliojaa vumbi haukai vizuri na simu, wala nguo ile haifai kukung'utwa ndani ya nyumba mbele ya watoto.

Watu wa Kolwezi na Likasi wanajua vumbi la kiangazi. Wakati ule geuza mfuko nje kila jioni na kuukung'uta, mbali na nyumba. Simu iwe na mfuko wake peke yake, ndani ya ganda la mpira lenye kingo zinazopita kioo kidogo, na juu ya kioo ubandike kile kioo chembamba cha kukinga. Kikipasuka kile cha juu, kibadilishe, usingoje.

Namna ya kusafisha ndiyo watu wengi wanakosea. Mtu anatoka kazini, anaona vumbi, anapangusa kwa mkono wa salopeti. Amesaga mchanga juu ya kioo kwa mkono wake mwenyewe. Zima simu, ipigepige polepole mpaka vumbi lianguke, kiisha tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kama kile cha miwani. Usitie javeli wala petroli, vinaondoa mafuta membamba yanayokinga kioo na alama za vidole. Dawa ya meno, ambayo vijana wanasema inafuta mikwaruzo, ina unga wa kusugua ndani yake. Inaongeza mikwaruzo. Simu ikilowa, usiifukie ndani ya mchele. Kampuni Apple yenyewe ilionya mwaka 2024 ya kwamba punje ndogo za mchele zinaweza kuiharibu. Mchele ni wa kula.

Kuna jambo lingine la kazini, nalo ni zito kuliko kioo. Kioo cha kugusa kinatambua kidole kwa sababu mwili wetu unapitisha umeme. Glavu nene ya ngozi au ya mpira inauzuia. Basi simu inalia, mtu anavua glavu karibu na mkanda unaopeleka mawe, macho yake yako juu ya majina, na mkono wake mtupu unatafuta mahali pa kushika. Mkanda hautangoji amalize kusalimia shemeji. Acha ilie. Ukilazimika kuitika, mwambie mwenzako, ondoka mahali pa mashine, simama, ndipo uvue glavu. Mafundi wa kulehemu nao waiweke simu mbali: cheche za chuma zinaunguza vishimo ndani ya kioo, na kila kishimo ni mlango kama mkwaruzo.

Kama kioo kimekwisha kupasuka, bandika utepe wenye kupitisha mwanga juu yake siku ile ile, na usimpe mtoto kuchezea. Kipande kikiingia kidoleni, osha kwa maji safi na sabuni, kitoe kwa kibano kilichosafishwa. Kikiwa ndani sana, usichimbe kwa sindano. Uje dispanseri, nasi tutatazama pia kama chanjo yako ya pepopunda, ndiyo tetanosi, haijapitwa na wakati. Kikiingia jichoni usisugue hata kidogo. Suuza kwa maji safi na uje upesi, hata usiku.

Mara nyingine kioo kinainuka upande mmoja bila simu kuanguka. Mama, ukiona hivyo usikibonyeze kirudi, wala usikifunge kwa raba. Ni betri iliyovimba kwa hewa ndani. Betri hizi nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka katika udongo wetu huu. Lakini betri iliyotobolewa haijui nani aliyeichimba. Inaweza kushika moto. Usiichaji tena, izime, usiilalie, iweke mbali na jiko na vitanda, kiisha umpelekee fundi wa simu. Ikianza kutoa moshi, toa watoto na watu wote nje, msivute moshi ule, na mwite watu wa zimamoto.